Bunduki ya Mzee Reinhold: Alama Chini ya Mbao

Ilikuwa inang'aa.

Naam, msomaji. Juma zima umemwacha Ubeid amepiga magoti mbele ya lile sanduku refu, mfuniko mkononi, kinywa wazi, na wewe ukaenda zako kula na kulala. Sasa njoo uangalie naye. Bunduki ya shabaha ya Kijerumani, iliyokuwa na rangi ya kahawa kavu kwa uzee wa miaka mia, ilikuwa inang'aa kama sinia ya arusi.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. Akajaribu tena. "Mama!"

Bi Hamdiya alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Ana miaka sitini na minne, ametoka Lamu wiki tatu tu zilizopita kuja kumlea mkaza mwanawe atakapojifungua, na tangu atue hapa Richardson, Texas, hajakiona kitu kichafu akakiachilia. Alimtazama mwanawe, akaitazama bunduki, akatabasamu.

"Umeiona? Mbona hushukuru?"

"Nani ameisugua?"

"Mimi na Lévi wa juu. Mimi kwa limau na majivu, yeye kwa mashine yake. Jana ulipokwenda kuswali Ijumaa tukaanza, na kabla ya alasiri tushamaliza."

"Kwa nini, Mama? Nani alikutuma?"

"Nitumwe na nani? Si wewe mwenyewe umesema yule binti wa Kizungu aitaka bunduki ya babake? Chombo cha watu hurudishwa kichafu? Waseme watoto wa Hamdiya hawakulelewa?"

Ubeid alipitisha kidole ubavuni mwa chuma, pale alipopajua hata akiwa amefumba macho. Namba hakuna. Taji hakuna. Palikuwa laini kama kioo.

"Mama," akasema taratibu, "umenimaliza."

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa samaki kabla hawajalisoma, nitaeleza mara moja, na sitarudia.

Mwaka ni 2003. Ubeid ni kijana wa Lamu, miaka thelathini na moja, yuko Texas kwa viza ya masomo. Kwa miaka mitatu amekuwa macho ya Mzee Reinhold Kessler wa Cedar Hill, ambaye babu zake walitoka Ujerumani, na ambaye alikusanya bunduki za shabaha za huko mpaka zikafika thelathini na moja, kisha akapofuka. Kila Jumamosi Ubeid alikwenda kumsomea. Si vitabu. Alimsomea bunduki.

Bunduki hizo si za vita wala si za nyati. Zilitengenezwa kwa ajili ya Jumapili, watu wazima wenye kofia zao wasimame wima, watoboe duara kwenye ubao ulio mbali, na mshindi avishwe mkufu wa fedha. Ndiyo maana ni nzito, zina kitako chenye pembe mbili cha kukumbatia bega, na vifyatulio viwili: cha nyuma unakivuta, na baada ya hapo cha mbele ukikipulizia tu kishafyatuka. Mzee alizijua zote kwa vidole. Lakini zile alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma, namba na mataji ya wapimaji, vidole vyake vilishindwa kuzisoma, na hapo ndipo aliposema, "Soma, Ubeid," na Ubeid akasoma.

Mwezi wa pili, siku tisa kabla ya kufa, alimpa moja.

"Hii ni ya 1897," akamwambia. "Iliyotengenezwa kabla ya 1899, sheria ya huku haiiti silaha. Inaiita kitu cha kale, kama saa ya ukutani. Hata wewe mgeni waweza kuwa nayo. Chukua." Hakuandika popote. Wazee wa namna ile, neno lao ndilo karatasi.

Sasa mzee kazikwa, na bintiye Theodora amehesabu bunduki, amepata thelathini, amekwenda polisi.

Mlioniandikia barua kwamba Ubeid airudishe tu yaishe, hebu someni polepole. Kuirudisha hakufuti kwamba alikuwa nayo! Ikiwa ni ya 1897, alikuwa na saa ya ukutani. Ikiwa ni ya baada ya hapo, basi mgeni mwenye viza ya masomo, ambaye hana hata leseni ya kuwinda sungura, amelala chumba kimoja na silaha miezi mitatu. Hiyo ni jela, na baada ya jela ni ndege. Na jina lake ni Ubeid, na mwaka ni 2003. Hesabuni wenyewe.

Mkewe Lubna ana mimba ya miezi minane na nusu. Baba akiwa ndani, nani atamwadhinia mtoto sikioni? Hilo ndilo limnyimalo usingizi mwenzenu. Si bunduki.

Haya, nimemaliza kueleza. Mlango ukagongwa.

Ubeid aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Lakini alikuwa Lévi tu, Mkongo wa Uvira anayekaa ghorofa ya juu, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma. Alikuwa na soda mbili na meno yote nje.

"Papa Ubeid, uliona kazi? Maman aliniambia safisha yote. Nikafungua ma-vis yote, moja moja, nikasafisha mpaka ndani. Hakuna fasi nilibakisha!"

"Ulifungua skrubu?"

"Zote! Na chini ya mbao kulikuwa buchafu mingi, Papa. Nikapitisha mashine."

Ubeid akakaa sakafuni. Mzee Reinhold hakuwahi kuruhusu bisibisi iguse bunduki yake hata moja. Kwa wakusanyaji hao, skrubu iliyochubuka kichwa ni kama mlango uliovunjwa: kila mtu atajua mwizi alipita. Miaka mitatu hawakufungua hata moja. Na jana, kati ya Ijumaa na alasiri, mtu wa Uvira kazifungua zote akipiga mluzi.

"Lévi, chini ya mbao, kulikuwa na maandishi?"

"Labda. Kulikuwa chiffres, namba kidogo. Sikuangalia bien." Tabasamu likaanza kumtoka. "Kuko mubaya?"

"Si kosa lako."

"Basi kosa la nani?" akauliza Bi Hamdiya.

Lubna alikuwa ametoka chumbani, mkono mgongoni, akatembea polepole hadi kwa mama mkwe wake na kumshika bega.

"Mama, zile alama ndizo zilizokuwa zikionyesha bunduki imezaliwa lini."

Bi Hamdiya alikaa kwenye kiti. Alivuta leso mpaka usoni, akaitoa tena.

"Na kile kibao cha fedha?" akasema. "Kile cha kwenye mbao ya kitako, sikukitoa. Nimekisugua tu. Kimeandikwa 1897, hata mimi naisoma. Si kingalipo?"

Ubeid aliinua kichwa. Kweli! Kibao kilikuwepo, kidogo kama kiganja cha mtoto, kimechongwa duara la shabaha na mwaka. Kibao hicho ndicho alichomsomea mzee siku ile ya kwanza. Akairukia simu, akampigia wakili wake.

Wakili alisikiliza.

"Kibao cha fedha kinaweza kupigiliwa hata kwenye mlango wa choo," akasema. "Mtaalamu aliyeletwa na Theodora hatatazama mbao. Atatazama chuma. Ubeid, ya wizi nitayapigania, ni neno lako na neno lake. Ya mwaka siwezi kuyapigania. Mwaka ni mwaka. Jumatatu saa tatu asubuhi ataikagua, na wewe utaapishwa; niletee chuma kinachosomeka."

"Na kisiposomeka?"

"Silaha iliyofutwa namba ni kosa la pili." Simu ikakatika.

Mnaona? Alianza asubuhi na tatizo moja. Hajanywa hata chai, ana mawili.

Katika Texas nzima Ubeid alimjua mtu mmoja tu awezaye kusoma kilichofutwa, na mtu huyo yuko Stafford, upande wa Houston: Mzee Elphas wa Bungoma, aliyekuwa fundi wa silaha jeshini Kenya enzi zake, na ambaye Mzee Reinhold alimpigia simu kila aliposhindwa na bunduki. Akaandika jina, namba na anwani kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji ili Lubna ajue alipo. Karatasi hiyo ikumbukeni.

Akaifunga bunduki kwa kanga ya mamake, akaitia kwenye buti la gari.

Kutoka Richardson hadi Stafford ni saa nne na zaidi, na kila daraja Ubeid aliliona refu. Alipoipita Corsicana gari la polisi likaingia nyuma yake, likakaa. Akipunguza, nalo linapunguza. Alisoma Ayatul Kursiyu mara ngapi sijui, mimi nimehesabu saba nikapotea. Mara taa zikawaka, na Ubeid akaanza kuvuta gari pembeni huku machozi yakimtoka, na gari la polisi likampita kama upepo, likalikamata lori lililokuwa mbele.

Nilitaka kuwapa hofu kidogo. Hofu yenyewe iko mbele.

Mzee Elphas alifungua mlango wa karakana yake, miwani iko juu ya paji. Ubeid alifungua kanga. Mzee akaishusha miwani, akatazama, akaipandisha tena kana kwamba miwani ndiyo yenye makosa.

"Nani ali-polish hii kitu?"

"Mamangu. Kwa limau."

Elphas alitaka kucheka. Akaona uso wa kijana, akaacha.

"Pole sana. Nimeona watu wakiharibu bunduki miaka arobaini, na sijaona imeharibiwa kwa upendo kama hii. Keti. Umekula?"

"Sina njaa, Mzee. Namba yaweza kurudi?"

"Sikiza. Chuma kikigongwa, alama haikai juu tu, inaumia mpaka ndani. Mamako ametoa ngozi. Kidonda bado kiko. Tindikali inakula pale palipoumia haraka kuliko penginepo. Leta hiyo taa karibu."

Alichovya pamba kwenye chupa ya kahawia, akaanza kupangusa ubavu wa bunduki, taratibu, kwenda na kurudi, kama anayemsafisha mgonjwa. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, hakuna.

"Hapo," akasema Elphas.

Kivuli. Nundu. Kisha pembe za taji. Na chini ya taji, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye ukungu: 4, kisha 6, kisha 2, kisha 7.

"Ndiyo hiyo!" Ubeid alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Ndiyo hiyo, Mzee, ndiyo niliyomsomea!" Akaushika mkono wa mzee wa watu, akaubusu, tindikali na yote, akapiga simu nyumbani. Lubna akapokea, akasikia, akamwambia mama, na kutoka Richardson hadi Stafford vigelegele vya Bi Hamdiya vikasikika kwenye simu mpaka Elphas akavisikia na kucheka.

Laiti hadithi ingeishia hapa. Ningekuwa mtu mwema, ningeweka kalamu chini.

"Haya," akasema Ubeid, akifuta macho. "Sasa mwaka."

"Mwaka gani?"

"Wakili anataka mwaka. Hapa pana namba na taji tu."

Elphas alifunga chupa yake. "Hiyo inatosha. Vitabu vya mwenye kiwanda vilichomeka vitani, hakuna mtu anaweza kuangalia namba. Jumatatu mtu wa huyo Theodora ataona namba, ataona taji, ataona kibao cha tisini na saba. Atabishana, lakini hana kitu mkononi. Enda nyumbani, kijana wangu."

"Mzee Reinhold alikuwa akisema cheti cha kuzaliwa cha bunduki kiko chini ya mbao."

"Na yeye alikifungua?"

"Hakufungua. Kwa ajili ya skrubu."

"Mimi nilijuana na Reinhold miaka kumi na tano." Elphas alianza kukunja kanga. "Skrubu ni sababu moja. Mtu akipenda kitu sana, kuna pahali haangalii. Kisichokuuliza, usikiulize."

Dada mmoja wa Voi aliniandikia kwamba Ubeid ni mpole mno. Dada, si mpole, ni mkaidi kama punda wa kwao! Angalia alichofanya. Aliuweka mkono wake juu ya kanga.

"Mzee, nitasimama Jumatatu mbele ya watu wanaotaka kunitoa nchi hii, na nitaapa. Nataka niape kwa kitu ninachokijua. Skrubu zishafunguliwa na jirani yetu Mkongo. Tafadhali."

Elphas akamtazama sana. Kisha akachukua bisibisi.

Mbao ya mbele ikatoka. Chini yake chuma kilikuwa cheupe, safi, Lévi hakudanganya, hakubakisha fasi. Pamba ikaanza tena, kwenda na kurudi. Kwanza ikatokea ile namba, 4627. Ikatokea taji jingine. Kisha, karibu na mwisho, pakatokea tarakimu ndogo, ndogo kuliko zote, na nukta katikati.

3.12

Elphas aliacha kupangusa.

"Ni nini hiyo?" Ubeid akauliza. "Ni kipimo cha risasi?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Zamani hawakugonga tarehe. Kukaribia mwaka wa kumi na mbili, huko Suhl, mji ambako zilikuwa zinapimwa, wakaanza. Mwezi, nukta, mwaka." Akaivua miwani. "Machi, 1912."

Karakana ilikuwa na saa ya ukutani. Ubeid aliisikia.

"Labda ni mtutu tu," akasema haraka. "Labda walibadilisha mtutu. Mzee, watu hubadilisha mitutu! Mwili wa bunduki ukawa wa tisini na saba, mtutu ukawa wa..."

"Namba ya mtutu ni 4627. Namba ya mwili ni 4627. Walizaliwa siku moja." Elphas alikigeuza kitako, akamulika ndani, pale mbao inapokutana na chuma. Alimwonyesha. Ndani ya mbao kulikuwa na namba iliyochomwa kwa chuma cha moto: 918. "Mgeni ni huyu hapa. Hii mbao ilitoka kwa bunduki nyingine. Ya kwanza ilivunjika, mtu akachukua kitako cha zamani akakivalisha. Kibao ni cha tisini na saba, kweli kabisa. Lakini ni kibao cha bunduki nyingine."

Ubeid alikuwa anakumbuka Jumamosi ile Cedar Hill, mzee kwenye kiti chake cha ngozi, bunduki imelala magotini. *Soma, Ubeid.* Na yeye, kwa furaha ya kukiona kibao kizuri hivyo, akasoma kibao. "Imeandikwa 1897, Mzee." Na mzee akatabasamu, akasema ndiyo, ndiyo, nilijua.

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema. "Hakuwa na macho. Nilimwambia mimi."

"Ulisoma kilichoandikwa."

"Amenipa kwa kuniamini. Akasema kwa sheria si silaha, kwa sababu mimi nilimwambia." Akaketi juu ya ndoo. Kisha jambo jingine likamjia, na ninyi mnaosoma haraka huenda lishawajia zamani. "Mzee Elphas. Jana jioni alama hii haikuwepo."

"Haikuwepo."

"Hata asubuhi. Kilichokuwepo ni chuma kitupu na kibao cha 1897."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mamangu..."

"Mamako alikuwa amekuokoa," akasema Elphas. Hakusema kwa ukali. "Yeye na huyo Mkongo, kwa limau. Ukaja kwangu, na mimi na wewe tumekufunga."

Ubeid alilia. Sitapamba. Alilia kama mtu mzima anavyolia, kwa kujizuia na kushindwa, kichwa kati ya magoti, na mzee wa Bungoma akasimama karibu naye asijue mikono aiweke wapi. Aliwalilia mzee Reinhold na Lubna. Alimlilia mtoto ambaye hata jina hajapewa.

Baada ya muda Elphas alivuta droo. Akatoa kipande cha msasa, akakiweka mezani kati yao.

"Mimi nina leseni ya hii kazi, na sikutaka kusema hii maneno," akasema. "Namba ya ubavuni tutaiacha. Hiyo ndogo ya chini ni dakika mbili. Ukipita ndani sana hata tindikali haiwezi kuirudisha. Tutafunga mbao. Watu walioiona ni wawili, na mmoja ni mzee, anasahau vitu."

"Na nikiapa Jumatatu?"

"Hilo ni lako na Mungu wako. Mimi nimeweka msasa tu."

Ubeid aliuangalia ule msasa. Akaushika. Ulikuwa mkavu, mkali, wa rangi ya matofali. Alama ile ilikuwa ndogo hata kuliko ukucha wa mtoto mchanga.

Simu yake ikalia.

"Mwanangu." Alikuwa Bi Hamdiya, na sauti yake ilikuwa ya juu, ile ya kuongea mbele ya wageni. "Usiwe na wasiwasi. Yule binti kaja. Theodora. Yuko na askari wawili."

Ubeid akasimama.

"Kaja kuitazama bunduki ya babake, asiione, akaanza makelele kwamba umetoroka nayo. Nikasema mwanangu hatoroki! Nimewakaribisha, nimewatilia chai na mahamri. Hawakula, lakini nimewatilia. Nikawaambia yuko Stafford kwa Mzee Elphas, na ile karatasi ya kwenye friji nikawapa waione wenyewe. Lubna hakutaka kuwafasiria. Nikamwapiza. Mgeni akikuuliza kweli, humfichi."

"Mama, saa ngapi uliwapa?"

"Nusu saa sasa. Wakawapigia simu askari wenzao wa huko Houston."

"Lubna yuko wapi?"

"Kalala kidogo. Mgongo wamwuma tangu walipoingia, waja na kwenda, waja na kwenda. Nimemwekea maji ya moto." Kisha sauti ikashuka, ikawa sauti yake mwenyewe, ya jikoni Lamu. "Ubeid. Ile namba imerudi, nimesikia. Na ule mwaka? Mwaka mmeupata?"

Elphas alimtazama. Ubeid alimtazama Elphas.

"Tumeupata, Mama."

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi Rabbil alamin!" Alikuwa analia. "Tangu asubuhi sala hainipandi, nasema nimemuua mwanangu kwa mkono wangu. Kwa hiyo sikukuharibia? Niambie kweli, mwanangu, nikalale."

Kulikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Hapana, Mama," akasema. "Wewe hukuharibu kitu."

"Lubna!" Bi Hamdiya alikuwa ameshaiweka simu mbali na mdomo, anaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Lubna, inuka mwanangu, waambie hawa mabwana! Waambie mwaka umepatikana! Umeandikwa kwenye chuma, wasitubabaishe! Waambie wenzao waende wakausome wenyewe!"

"Mama, ngoja. Mama!"

Lakini aliyekuwa akisikiliza hakuwepo tena. Kilichosikika ni Lubna akianza kufasiri kwa sauti ya uchovu, akakatika katikati ya sentensi, akaguna, akaendelea.

Nje ya karakana ya Mzee Elphas milango miwili ya gari ilifungwa, mmoja baada ya mwingine. Msasa ulikuwa mkononi mwa Ubeid. Juu ya meza, chini ya taa, ile 3.12 ilikuwa bado mbichi.